Sura ya Tano: Soya Haimkaribishi Kila Abishaye Hodi

Chukua mbegu za soya za aina iliyozalishwa Marekani, uzipande Songea au Bungoma kwenye shamba ambalo halijawahi kupandwa soya. Usiweke mbolea. Mstari wa pili panda kunde. Ikifika wiki ya sita, kunde zimetambaa na kufunika ardhi, majani yake yamekoza ukijani. Soya, mara nyingi, imedumaa, na majani yake ya chini yamekuwa manjano: njaa ya naitrojeni, ambayo bwana shamba mzoefu huitambua kabla hajashuka kwenye pikipiki. Mvua ni moja, udongo ni mmoja, na hewa iliyoizunguka mistari yote miwili ni naitrojeni kwa asilimia 78. Chini ya ardhi ndiko kwenye tofauti. Mizizi ya kunde imejaa vinundu. Ya soya ni mitupu.

Maelezo tunayopewa kwa kawaida ni kwamba udongo huo hauna bakteria wa soya. Ni kweli, lakini maelezo hayo yanaacha nusu ya jambo. Bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya kunde na wale wa soya ni ndugu wa karibu. Wengi wao huwekwa katika jenasi moja, Bradyrhizobium. Wote wana kimeng'enya cha kuigeuza naitrojeni ya hewa kuwa amonia, chakula ambacho mmea unaweza kukitumia. Wale wa kunde wamo udongoni kwa wingi na wanagusana na mizizi ya soya kila siku. Wana uwezo wa kuilisha. Soya haiwafungulii.

Inawatambuaje? Haina pua wala masikio, haina ubongo wa kukumbuka sura. Ina molekuli zilizochomoza kwenye utando wa seli za mizizi, na kwa hizo hupima kemikali ambazo bakteria huziachia kwenye unyevu wa udongo. Kipimo hicho ni kikali kuliko maabara nyingi ninazozifahamu.

Wakulima walijua tangu zamani kwamba shamba lililotoka kwenye mikunde huzaa vizuri msimu unaofuata. Sababu ndiyo iliyowatesa wanasayansi wa Ulaya kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, mpaka Hermann Hellriegel alipoanza majaribio yake ya vyungu katika mji wa Bernburg, Ujerumani. Alipanda nafaka na njegere kwenye mchanga usio na rutuba, akaongeza nitrati kwa vipimo. Nafaka zilitii hesabu: ukipunguza nitrati, mavuno yanapungua kwa kadiri ileile. Njegere zilimvuruga. Chungu kimoja kilistawi bila nitrati yoyote, cha jirani yake kilikauka, na mchanga ulikuwa mmoja. Mtafiti mwingine angeyatupa matokeo hayo na kulaumu vibarua waliomwagilia. Hellriegel aliuliza kwa nini yanatofautiana. Alipoua vijidudu vyote mchangani, njegere zote zilikufa njaa sawasawa na nafaka. Alipoongeza maji kidogo yaliyochujwa kutoka kwenye udongo wa shamba, zilipona na kuota vinundu.

Aliyatangaza hayo Berlin mwaka 1886, na mwaka 1888 yeye na mwenzake Hermann Wilfarth wakachapisha taarifa kamili. Mwaka huohuo Martinus Beijerinck, mtafiti aliyeajiriwa na kiwanda cha hamira mjini Delft, Uholanzi, alifaulu kuwatenga bakteria wenyewe. Biashara haikuchelewa: mwaka 1896 Friedrich Nobbe na Lorenz Hiltner walipata hataza ya kuuza bakteria hao kwa wakulima kwa jina la Nitragin.

Ndani ya kazi ya Hellriegel kulikuwa na jambo dogo ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote. Maji ya udongo yaliyoziokoa njegere hayakuisaidia mimea ya lupini. Lupini ilihitaji maji kutoka kwenye udongo ulioota lupini. Kwa hiyo tangu siku za mwanzo ilionekana kwamba vijidudu kuwepo hakutoshi, kuna uchaguzi. Ilipita karibu karne nzima kabla ya kujulikana nani anayechagua na kwa kigezo gani.

Anayeanza kuzungumza ni mmea. Ukipungukiwa na naitrojeni, mzizi hutoa udongoni kemikali za kundi la flavonoidi. Mwaka 1986 maabara ya Sharon Long katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ilionyesha kwamba lusini, ule mkunde wa malisho ya ng'ombe wa maziwa, hutoa luteolini, na kwamba luteolini huwasha jeni maalumu ndani ya bakteria wanaoishi na lusini. Soya hutoa daidzeini na genisteini. Hizi ndizo isoflavoni zinazotajwa kwenye matangazo ya maziwa ya soya na afya ya wanawake waliokoma hedhi. Kwa mmea wenyewe kazi yake mojawapo ni kuita. Bakteria mwenye protini inayoweza kuinasa flavonoidi husika hujua kwamba yuko karibu na mwenyeji anayemfaa. Asiye nayo hupita bila habari.

Aliyeitwa hubisha hodi. Mfano huu nautumia kwa sababu uko karibu sana na jinsi mambo yalivyo: katika desturi zetu mgeni husimama nje, hutoa sauti, na mwenye nyumba huisikiliza sauti kabla ya kusema karibu. Hodi ya bakteria ni molekuli inayoitwa kipengele cha Nod. Muundo wake ulifichuliwa mwaka 1990 na kundi la watafiti la Jean Dénarié mjini Toulouse, Ufaransa. Ni mnyororo mfupi wa sukari nne au tano zenye naitrojeni, za aina ileile inayojenga kitini, na kwenye ncha yake moja umepachikwa mkia wa mafuta. Kila aina ya bakteria huongeza mapambo yake: huyu kikundi cha asetili, yule sukari ya ziada, mwingine salfeti.

Mapambo hayo ndiyo sauti ya mgeni. Bakteria wa lusini huweka salfeti kwenye mnyororo wake. Watafiti wa Toulouse walipoiharibu jeni inayohusika na salfeti hiyo, bakteria walipoteza uwezo wa kuingia kwenye lusini, na hapohapo wakaanza kukubaliwa na mmea mwingine wa mikunde, viki, ambao zamani haukuwataka. Bakteria ni walewale, uwezo wao wa kutengeneza amonia ni uleule, na kikundi kimoja tu cha atomi kimebadilisha nyumba watakayolala.

Kiasi kinachohitajika ni kidogo kupita mazoea yetu. Ukiyeyusha gramu moja ya vipengele vya Nod katika lita milioni moja za maji, mzizi bado utaitikia. Vinyweleo vya mzizi huvimba ncha na kujipinda. Dakika kama kumi baada ya kuguswa, kiwango cha kalsiamu kwenye kiini cha seli na pembezoni mwake huanza kupanda na kushuka, karibu mara moja kila dakika, kwa mdundo unaoweza kuonekana kwa darubini seli ikiwekewa rangi inayong'aa. Sharon Long na wenzake waliurekodi mdundo huo kwenye lusini mwaka 1996. Ndani ya kiini kuna protini inayousoma. Mdundo ukiwa sahihi, protini hiyo huamsha jeni za kujenga kinundu.

Hapa ndipo dhana ya zamani ilipovunjika. Kwa muda mrefu vinundu vilifikiriwa kuwa uvimbe, jeraha ambalo bakteria hulisababisha na mmea kulivumilia. Lakini mwaka 1991 watafiti wa Toulouse waliweka kipengele cha Nod kilichosafishwa, bila bakteria hata mmoja, kwenye mizizi ya lusini, na mizizi ikaota vinundu. Vilikuwa vitupu ndani, lakini muundo wake ulikuwa wa kinundu. Mwaka 2006 makundi mawili ya watafiti yalikwenda mbali zaidi: waliibadilisha ile protini inayosoma kalsiamu ikae kama imewashwa daima, na mimea ikajenga vinundu bila bakteria na bila kipengele cha Nod. Maana yake ni kwamba ramani ya kiungo kizima imo ndani ya jeni za mmea. Bakteria huleta idhini ya kuanza ujenzi, basi.

Na masikio ya mmea? Yalipatikana mwaka 2003 na kundi la Jens Stougaard huko Aarhus, Denmark, wakitumia mkunde mdogo wa porini unaoitwa Lotus japonicus. Ni vipokezi viwili vilivyopewa majina ya NFR1 na NFR5, vyote vikiwa na sehemu zinazotokeza nje ya seli kunasa mnyororo wa sukari. Mwaka 2007 watafiti hao walivihamishia vipokezi vya Lotus kwenye mkunde wa jamii nyingine, Medicago truncatula, nao ukaanza kuwaitikia bakteria wa Lotus ambao kabla ya hapo ulikuwa ukiwapuuza. Kwa hiyo swali letu la Songea na Bungoma lina jibu la kimolekuli: sehemu kubwa ya ukali wa soya iko kwenye umbo la vipokezi vyake na aina ya wito inaoutoa. Kunde ina masharti mapana zaidi.

Nimesema sehemu kubwa kwa makusudi. Baadhi ya bakteria hufaulu hatua ya kwanza kisha wakakataliwa ndani, kwa sababu protini wanazozidunga kwenye seli huamsha kinga. Mlango una zaidi ya kitasa kimoja.

Kuna hatari kubwa katika utaratibu huu, na ndiyo inayonifanya niuheshimu. Nimetaja kwamba uti wa kipengele cha Nod umetengenezwa kwa sukari za kitini. Kitini ndicho kinachojenga kuta za fangasi, wakiwemo wale wanaoozesha mizizi. Kwa mmea, harufu ya kitini kwa kawaida ni habari ya adui. Una kipokezi maalumu cha kukinasa, na kipokezi hicho kikiguswa mmea hutoa sumu, hukaza kuta za seli na kujiandaa kwa vita. Kipokezi hicho cha vita na NFR1 ni ndugu wa ukoo mmoja, wanafanana kwa sehemu kubwa ya mwili wao. Kwa hiyo mzizi wa soya unapokutana na mnyororo wa sukari hizo, lazima utofautishe, kwa urefu wa mnyororo na kwa mkia wa mafuta, kati ya mshirika atakayeulisha na fangasi atakayeuua. Ukikosea upande mmoja unaikosa naitrojeni. Ukikosea upande wa pili unamfungulia mwuaji. Mnyororo mrefu wa sukari saba au nane bila mkia huamsha kinga. Mnyororo mfupi wenye mkia huamsha ukarimu.

Kwa nini mageuko ya viumbe yaliuweka urafiki karibu namna hii na uadui? Jibu linalokubaliwa na wengi ni kwamba urafiki wa kwanza wa mizizi haukuwa na bakteria. Ulikuwa na fangasi. Fangasi wa mikoriza, wanaouletea mmea fosforasi kutoka mbali, wanaonekana ndani ya visukuku vya mimea vya Scotland vyenye umri wa miaka zaidi ya milioni 400, na leo wanaishi na mimea mingi ya nchi kavu, mahindi, mtama na mpunga ikiwemo. Nao pia hubisha hodi kwa minyororo mifupi ya sukari za kitini. Vinundu vya mikunde vilikuja baadaye sana, na vilipokuja vilitumia njia iliyokwisha kuwepo: mmea wa mkunde ulioharibiwa jeni fulani za mdundo wa kalsiamu hushindwa kuwapokea bakteria na mikoriza kwa pamoja. Bakteria walijifunza kuiga hodi ya fangasi.

Hata mimea isiyo na vinundu husikiliza udongo. Mwaka 2000 huko Uswisi ilipatikana protini ambayo kwayo mmea mdogo wa maabara, Arabidopsis, hutambua kipande cha asidi amino 22 cha mkia ambao bakteria huogelea kwao. Bakteria wa vinundu wana mkia pia, ila kipande hicho kwao kimebadilika kiasi cha kutotambuliwa. Mwaka 2003 Medicago ilionekana ikibadilisha kiwango cha protini zake zaidi ya 100 baada ya kupewa kemikali ambazo bakteria hutumia kuhesabiana wao kwa wao. Mmea ulikuwa ukidukua mazungumzo yasiyouhusu. Mwaka huohuo ilionekana kwamba Bacillus fulani wa udongoni hukuza Arabidopsis kwa gesi tu, bila hata kugusana nayo. Kila moja ya habari hizi ingeweza kupewa sura yake. Turudi kwenye vinundu, kwa sababu neno la karibu haliishii kwenye kuingia.

Kinyweleo kilichojipinda huwafungia bakteria wachache katika kunjo lake. Kutoka hapo mmea hujenga mrija mwembamba unaopenya seli baada ya seli hadi ndani ya mzizi, ambako seli nyingine zimekwisha anza kugawanyika kuwaandalia nafasi. Bakteria hupita ndani ya mrija huo, kisha humiminwa ndani ya seli, kila mmoja au wachache wao wakiwa wamevikwa utando wa mmea. Hapo ndipo kazi inapoanza. Kimeng'enya cha kuvunja naitrojeni huharibiwa na oksijeni, lakini bakteria wenyewe wanahitaji oksijeni kupumua. Mmea hulitatua tatizo hilo kwa protini ya jamii moja na himoglobini ya damu yetu, inayoshika oksijeni na kuigawa kidogokidogo. Ndiyo maana kinundu kinachofanya kazi huwa chekundu ndani. Cheupe au cha kijani ni bure.

Gharama yake ni kubwa. Kuvunja molekuli moja tu ya naitrojeni hutumia angalau molekuli 16 za ATP, sarafu ya nishati ya seli, na nishati hiyo hutoka kwenye sukari iliyotengenezwa na majani. Mmea hauna nafasi ya ukarimu usio na hesabu. Vinundu vya kwanza vikianza kujengwa, mzizi hupeleka protini fupi hadi majanini. Majani hujibu kwa kuzuia vinundu vipya. Mwaka 1985 watafiti wa Australia walieleza soya iliyopoteza uwezo huo wa kujizuia. Iliota vinundu vingi ajabu, na ilikua vibaya kuliko ya kawaida. Watafiti walipopandikiza shina la soya hiyo kwenye mizizi ya kawaida, mizizi nayo ikazidisha vinundu. Uamuzi ulikuwa unatoka juu.

Mmea pia huadhibu. Mwaka 2003 Toby Kiers na wenzake huko California waliwazungushia bakteria wa soya hewa ambayo naitrojeni yake ilikuwa imeondolewa karibu yote na kuwekwa gesi ya argoni. Bakteria hao hawakuwa na cha kuleta, hata kama wangetaka. Soya iliwabana, dalili zikionyesha kwamba ilipunguza oksijeni iliyokuwa ikiingia kwenye vinundu hivyo, na uzazi wao ukashuka. Mgeni asiyefanya kazi halishwi.

Na mmea ukipata naitrojeni kwa njia rahisi, huacha kuita. Nitrati udongoni huzuia hatua karibu zote nilizozieleza, kuanzia kupinda kwa vinyweleo hadi kazi ya vinundu vilivyokomaa. Mkulima anayemwagia soya urea nyingi wiki za mwanzo, kwa nia njema kabisa, ananyamazisha mazungumzo ambayo yangempa naitrojeni bila malipo.

Soya si ngeni sana kwetu. Wajerumani waliijaribu Amani, kwenye milima ya Usambara, mwaka 1907. Lakini kwa miongo mingi ilibaki zao la pembeni, na ukali wake kwa bakteria wa hapa ulikuwa mojawapo ya sababu. Dunia imejaribu njia mbili za kuutatua. Brazil ilichagua kuleta bakteria. Johanna Döbereiner, mtaalamu wa udongo aliyezaliwa Czechoslovakia na kuhamia Brazil baada ya Vita Kuu ya Pili, alishikilia kwamba soya ya nchi ile ichaguliwe na kulimwa kwa kutegemea bakteria badala ya mbolea ya naitrojeni. Leo Brazil ni miongoni mwa wazalishaji wakuu wa soya duniani, na zao hilo kule hupewa chanjo ya bakteria kama jambo la kawaida la shamba.

Taasisi ya IITA ya Ibadan, Nigeria, ilichagua kubadilisha soya. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 wazalishaji wake wa mbegu walichanganya aina za Marekani zenye mavuno mengi na aina za Asia ambazo zilikuwa haziwachagui sana bakteria, wakachuja vizazi vilivyobaki kijani kwenye udongo maskini bila chanjo. Hazikuhitajika darubini wala jeni; huenda walikuwa wakichuja vipokezi bila kuviona. Mbegu zilizotokana na kazi hiyo hubeba herufi TGx, na mojawapo, TGx 1740-2F, inajulikana kwa wakulima wa magharibi mwa Kenya kama SB19.

Ni njia ipi bora? Ya Ibadan ilikuwa ya busara kwa wakati wake, kwa sababu mkulima mdogo hakuwa na jokofu la kuhifadhia bakteria wala duka la kuwauza. Lakini ina upungufu ambao sura hii imekwisha uonyesha: soya inayokubali kila hodi hukubali pia wageni wavivu. Majaribio mengi barani Afrika yameonyesha kwamba hata TGx mara nyingi huongeza mavuno ikipewa bakteria waliochaguliwa. Maoni yangu ni kwamba tuchukue zote mbili: mbegu isiyo na masharti makali, pamoja na chanjo.

Chanjo ipo. Chuo Kikuu cha Nairobi, kwenye kampasi yake ya Kabete, kimefanya kazi na bakteria hawa tangu miaka ya 1970, na kampuni ya MEA hutengeneza chanjo ya Biofix kwa leseni ya chuo hicho. Chuo Kikuu cha Sokoine mjini Morogoro kiliwahi kutoa chanjo ya Nitrosua. Mradi wa N2Africa, ulioanza mwaka 2009 na baadaye kuingia Tanzania na Uganda, ulisambaza elimu ya chanjo kwa wakulima wengi.

Kinachokosekana mara nyingi ni kueleza kwa nini masharti ya pakiti yako vile yalivyo. Chanjo hupakwa kwenye mbegu kwa sababu kila sehemu ya mzizi wa soya hukubali kupokea bakteria kwa saa chache tu, pale vinyweleo vinapochipuka. Bakteria wakichelewa, sehemu hiyo imefungwa. Hupakwa kivulini na mbegu kupandwa siku hiyohiyo kwenye udongo wenye unyevu kwa sababu wale ni viumbe hai, na jua la saa sita huwaua. Haichanganywi na dawa za mbegu kwa sababu baadhi yake huua bakteria. Fosforasi lazima iwepo, iwe TSP au ya Minjingu, kwa sababu ATP yenyewe imejengwa kwa fosforasi. Na kwenye udongo wenye tindikali kali, chokaa kwanza: tindikali hudhoofisha wito wa mzizi, hudhoofisha pia hodi ya bakteria.

Ipo pia ndoto ya mahindi yenye vinundu. Mradi wa ENSA, ulioanza Uingereza mwaka 2012 chini ya Giles Oldroyd, unajengwa juu ya ukweli kwamba mahindi tayari yana njia ya kalsiamu kwa ajili ya mikoriza, hivyo hayaanzii sifuri. Ni sayansi nzuri na ninaifuatilia kwa hamu. Lakini anayelima leo asiisubiri. Ukienda duka la pembejeo msimu ujao, ulizia chanjo ya soya kabla ya kuuliza bei ya urea, soma tarehe ya mwisho wa matumizi, na kama pakiti imekuwa ikikaa dirishani juani, iache hapohapo na udai nyingine.